Mdomo Nao Uende Shule

Skola mwanangu,

Zamani tukiandika barua tulianza na "mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali." Sasa nitaanzaje hivyo wakati wewe uko saluni, nyumba ya nne kutoka hapa, unasukwa, na kicheko chako nakisikia mpaka huku barazani? Mashaka juu yako sina. Labda juu ya hizo nywele, maana umesema zitachukua saa tano, na mama yako amekufuata huko huko, na mimi hapa njaa imeshaanza kunizoea.

Naandika mchana huu kwa sababu jioni sitapata nafasi. Jioni anashuka mjomba wako kutoka Mgeta na hotuba yake. Unamjua. Akisimama, wali unapoa. Na haki ni yake, sibishani: kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mali, baba ni kama mpita njia aliyeomba maji ya kunywa akakawia kuondoka. Mimi nimechangia pua tu, na hiyo pua umeilalamikia tangu darasa la tano. Kwa hiyo leo mezani nitakaa kama mgeni mwema, nitakula, nitapiga makofi. Lakini nimeona si vibaya mchangia pua naye aseme kidogo, na asemee kwenye daftari, mahali ambapo mjomba hawezi kumkatiza.

Barua nitaisokomeza ndani ya kiatu chako kipya cha kulia. Najua utaiona leo leo, maana wiki nzima umekuwa ukivijaribu mbele ya kioo ukidhani hatukuoni.

Mambo ya sweta, ya vidonge, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema mara saba na ya nane iko njiani. Siyagusi. Mwandiko wangu uuvumilie. Niliishia darasa la nne pale misheni, wala si kwa ujinga. Padre alinikuta nimevaa kanzu yake nawabariki mbuzi, na mbuzi walikuwa wametulia kuliko waumini wake. Hilo ndilo lililomuudhi.

Nianze na wizi. Jumapili iliyopita nilikuwa nyuma ya jiko, nimesimama chini ya dirisha na paja la kuku ambalo mama yako mpaka leo anamsingizia paka. Ndipo nikakusikia ndani.

"Mama, mwaka wa kwanza wote ni lugha tupu. Mwisho kuna mtihani, wa kuandika na wa kuongea. Nikishindwa wa kuongea wananirudisha."

"Si umesoma hicho Kichina miaka minne?"

"Kuandika, Mama. Kusoma. Nikitaka kuongea koo linafunga."

"Baba yako anajua?"

"Usimwambie Baba! Ameshatangaza mtaa mzima wa Mafiga."

Kweli nimetangaza. Nimetangaza Mafiga, nimetangaza Mgeta kwa simu, nimemtangazia hata yule kijana aliyekuja kusoma mita ya maji, akaondoka hajaisoma. Na nitaendelea. Mtoto wa mtu aliyefukuzwa shule kwa kubariki mbuzi anakwenda China kusomea uhandisi wa maji, halafu ninyamaze? Nitapasuka, na mama yako hataki kufagia. Lakini siku ile, Skola, lile paja lilinikwama. Nikatambua kwamba unaogopa jambo moja tu katika safari hii, na jambo lenyewe ni mimi ninayelijua kuliko mtu yeyote katika nyumba hii, kwa sababu nilishindwa nalo kabla yako.

Nikakumbuka siku ya duka la pampu. Najua unaomba Mungu niisahau.

Tuliingia kununua kipande cha bomba la shamba. Yule mama wa Kichina mwenye duka, ambaye wakulima wote wa Mgeta wanamwita Mama Pampu na jina lake halisi hakuna anayelijua, alikuwa amekaa juu ya maboksi anakula karanga. Mimi na kiherehere changu nikasema kwa sauti ya mnada:

"Mama Pampu! Huyu ndiye binti yangu. Anakuja kwenu. Hebu mjaribu!"

"Baba, twende," ukaninong'oneza.

"Tunakwenda wapi na hatujanunua bomba? Mama Pampu, huyu anasoma Kichina kama padre anavyosoma misale. Msomee boksi hilo, mwanangu."

Ukasoma. Sauti ya chini, macho chini, lakini ulisoma boksi zima: nguvu ya pampu, kina cha kisima, mpaka lile onyo la kutoshika waya kwa mikono mibichi. Mama Pampu akaacha karanga akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimevimba, shati linataka kukatika vifungo. Halafu akakuuliza kitu kifupi, maneno matatu. Ukamtazama. Ukanitazama. Ukaitazama pampu kama ndiyo itakayojibu.

"Nimemuuliza amekula?" Mama Pampu akaniambia kwa Kiswahili. "Hiyo tu. Amekula?"

Na mimi badala ya kunyamaza nikakujibia kwa Kichina changu cha barabarani: "Kwai kwai!" Yaani haraka haraka. Duka zima likacheka. Ulitoka nje, ukatembea mbele yangu mpaka Mafiga bila kugeuka, na bomba nikabeba peke yangu. Nikasema huyu mtoto ana deko. Sikujua kwamba nilikuwa nimekuweka hadharani kwenye kidonda. Kwa hilo nisamehe. Sikusema siku ile kwa sababu baba yako akitaka kuomba radhi huwa anakohoa tu, na wewe ulidhani ni vumbi.

Sasa nikueleze la kwangu. Mama yako anajua nusu yake.

Unajua nilifanya kazi kwenye kampuni ya barabara ya Wachina miaka sita, nikianza wewe ukiwa bado unavaa sare ya chekechea. Umekua ukinisikia nikijisifu kuwa Kichina nakijua. Ukweli ni kwamba nilikuwa na maneno thelathini. Jiwe. Maji. Nyundo. Haraka. Hakuna. Kesho. Rafiki. Na matusi mawili ambayo ukiyasikia huko ujue ni matusi, usijibu "asante" kama nilivyokuwa nikijibu mimi mwaka wote wa kwanza.

Kambini kulikuwa na mpishi wao, mzee mwembamba mwenye aproni ya maua. Kila Jumatatu nikishuka kutoka Mgeta nilimletea karoti, kabichi na njegere, na yeye alizipokea kama amepokea mtoto mchanga. Siku moja akamtuma mkalimani: "Mwambie huyu wa mboga aje jikoni jioni tukimenya. Anifundishe Kiswahili, nami nimfundishe Kichina. Kila jioni kidogo."

Nikaenda. Tukakaa kwenye ndoo zilizofudikizwa. Akanionyesha kisu, akasema neno. Nikasema. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Akatikisa. Kumbe lugha yao ina kupanda na kushuka kama njia ya kwenda kwa bibi yako, ukipanda pale pa kushuka umeshafika kwa watu wengine. Nililisema lile neno mara ishirini. Mara ya ishirini na moja sijui nilisema nini, ila mzee yule aliweka kisu chini, akashika mbavu. Msimamizi wetu Bwana Liu alikuwa anapita, akaingia kuuliza, akaambiwa, akakaa chini kabisa kwenye maganda ya vitunguu akicheka.

Na mimi nikanuna. Mtu mzima, nina mke, nina watoto, nachekwa na mwanamume mwenye aproni ya maua! Nikaaga. Jumatatu iliyofuata mboga nilimpa mtu mwingine apeleke. Yule mpishi alikuwa akiniona mbali ananiita kwa mkono, njoo, njoo, na anaipiga ile ndoo kuonyesha nafasi yangu ipo. Wiki nzima. Baadaye akaacha.

Ajabu yake ni hii: mimi ni Mluguru, nimelelewa kwa utani. Pale pale barabarani kulikuwa na Maganga, Mnyamwezi, dereva wa mtambo wa kushindilia barabara, mtani wangu. Asubuhi akinikuta ananiita mchawi wa mlimani, mimi namwita mpagazi wa babu yangu, namtupia koti namwamuru alibebe. Tunatukanana mpaka jua linatoka vizuri, mchana tunakula sahani moja. Kwa Kiswahili ungeweza kunicheka tangu kuamka hadi kulala nisijali. Lakini kwenye lugha ya mtu nilitaka heshima tangu siku ya kwanza, kabla sijaifanyia kazi yoyote.

Bwana Liu alitutazama mimi na Maganga miezi, akamuuliza mkalimani kwa nini hawa wanagombana kila siku na hawauani. Alipoelezwa, alifurahi kama amepata mshahara mara mbili. Akasema na yeye anataka. Basi tukamfanya mtani. Alikuwa akinificha koleo. Nami nikiketi kwenye kiti chake cha kukunja, naagiza watu kazi kwa sauti yake, naye anakuja kunifukuza na fimbo ya kupimia. Alijifunza kuniita "mbuzi wewe" kwa Kiswahili safi. Nilimpenda yule mtu, Skola. Nakwambia hivyo kwa sababu yeye hakuwahi kuambiwa.

Siku moja, mkalimani akiwa Dar, ikaja simu kutoka kwao. Baba yake Bwana Liu amefariki, wenzake wakatuelewesha kwa ishara. Safari ya kurudi haikuwezekana. Alikaa kando ya lundo la kokoto, mikono juu ya magoti. Mitambo ikazimwa.

Unajua mtani anafanya nini msibani kwetu. Halii. Umeona mwenyewe kwenye msiba wa babu yako: Maganga aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na bibi yako aliyekuwa hajala siku mbili akacheka mpaka akaomba uji. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama yeye, anadai chakula. Wafiwa wanacheka katikati ya machozi, na hapo ndipo wanaanza kupona. Ndiyo dawa tuliyonayo. Kutoifanya ni dharau, ni kama kusema huyu aliyekufa hatukumhesabu.

Basi nikaifanya. Nikachukua kofia ya majani ya Bwana Liu, nikaivaa, nikainama mgongo, nikashika mpini wa koleo kama mkongojo. Nikaja nakohoa. Nikaketi mbele yake juu ya kokoto, nikawa ndiye mzee wake, nimekuja kutoka safari ndefu, nina kiu, na nikadai chai kwa yale maneno yangu: "Cha! Cha! Kwai kwai!"

Maganga akapiga kofi moja akacheka inavyotakiwa. Kisha akashusha mikono.

Bwana Liu alinitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ugomvi naujua. Aliinuka, akaivua ile kofia kichwani pangu kwa mikono miwili, taratibu, akaipangusa vumbi, akaingia kwenye kontena lake akafunga mlango.

Nikamfuata. Nikasimama pale mlangoni, bati linaunguza, nikayapitia maneno yangu thelathini moja baada ya jingine. Jiwe. Maji. Nyundo. Haraka. Hakukuwa na hata moja la kumwambia kwetu hivi ndivyo tunavyompenda mfiwa. Hakukuwa na "pole." Neno dogo kama hilo, mtoto wa miaka miwili analo. Nilisimama mpaka Maganga akaja kunishika mkono.

"Twende, mchawi," akaniambia. "Hapo huna kitu cha kusema."

Siku ya tatu mkalimani aliporudi nikamweleza. Akashika kichwa. "Mzee, hilo nalitafsirije? Nimwambie ulikuwa unamfariji?"

"Ndiyo."

"Kwa kuwa baba yake?"

"Ndiyo, bwana!"

Alikwenda akasema alichosema. Bwana Liu aliitikia kwa kichwa. Baada ya hapo alinipa kazi kama kawaida, hakunionea hata siku moja, lakini koleo langu halikufichwa tena. Wakamhamishia kipande kingine cha barabara. Tuliagana kwa kupeana mikono, kama watu wa ofisini.

Na kule jikoni, Skola, "pole" ilikuwepo. Ilikuwepo miaka yote, kila jioni, hatua mia mbili kutoka nilipokuwa nalala, na ndoo yangu imefudikizwa inanisubiri. Kuchekwa na mpishi kuliniuma jioni moja. Lile la kofia linaniuma hadi leo, nami nimeshazeeka, meno nimebakiwa na ya kuhesabu.

Ndiyo maana baada ya kusikia mazungumzo yenu dirishani, Jumatatu nilikwenda tena dukani, peke yangu. Nikamwambia Mama Pampu ukweli wote: binti anaandika, anasoma, mdomo umegoma, na mdomo usipofunguka wanamrudisha. Usinune. Ni siri ya watu wanne sasa, na paka.

Akanimenyea karanga. Anaongea Kiswahili cha wauza vitunguu, kina vijitusi ndani, lakini kinakwenda.

"Mimi nilikuja hapa na cheti cha Kiswahili," akasema. "Darasani nilijifunza 'naomba kitabu, tafadhali.' Nikaenda sokoni. Nani sokoni anataka kitabu?"

"Ukafanyaje?"

"Kila siku saa kumi nakaa na mama wa vitunguu. Nusu saa. Nasema vibaya, wanacheka, narudi. Kesho tena nasema vibaya, wanacheka kidogo. Mwezi wa nne mimi nawacheka wao."

"Sasa huyu wangu huko atampata wapi mama wa vitunguu?"

Hapo akaacha karanga kabisa, akanieleza, na mimi nikaandika nyuma ya risiti ya bomba ili nisikosee. Alisema darasa la chuo asubuhi lina watu wengi, mwalimu anasema, wanafunzi wanaandika. Linafaa kwa mtihani wa karatasi. Mdomo unataka darasa lake lenyewe, la pembeni, la kuongea tu, tena wiki ya kwanza, kabla hujazoea kunyamaza, maana kunyamaza nako mtu anakuwa fundi. Alisema vyuoni kwao kuna mbao za matangazo na makundi ya kwenye simu, watu wanabandika: nifundishe lugha yako nikufundishe yangu. Kuna walimu waliostaafu wanaofundisha mazungumzo jioni, watu watatu au wanne mezani. Waulize wanafunzi waliokutangulia, lakini usiwaulize wanaojua sana. Muulize yule aliyekuja bubu akafunguka, huyo ndiye anayejua mlango uliko.

"Na atajuaje kama darasa ni zuri?" nikamuuliza.

"Ahesabu nani anaongea. Mwalimu akiongea kuliko yeye, asirudi. Siku ya kwanza aombe kukaa ajaribu tu. Akitoka hajasema hata sentensi kumi, hilo si darasa, hiyo ni redio."

Kisha akaninyooshea kidole cha karanga. "Na asijifungie na Watanzania wenzake. Wakikaa watano, watapika ugali, wataongea Kiswahili, miaka mitano. Anarudi Kiswahili kimekuwa kizuri sana!"

Nikacheka, lakini nimeliandika.

Mimi nyongeza yangu ni ndogo, ya mtu wa darasa la nne. Tafuta mahali wanapokucheka halafu wanakusogezea kiti. Wapo wanaocheka wakakuacha umesimama. Hao wape mgongo. Lakini ukimpata anayecheka hadi anashika mbavu, kisha anapiga ndoo kukuonyesha pa kukaa, usinune kama baba yako. Huyo amekufanya mtani hata kama kwao neno hilo hawana. Nawe usiende mikono mitupu. Wafundishe Kiswahili, watakosea, wacheke hadi walie. Deni la kicheko lilipwe siku hiyo hiyo.

Na usiniambie koo lako ndivyo lilivyoumbwa. Nilikuwepo Mgeta likizo ile ulipokuwa na miaka kumi na miwili, wale wazee wa juu walipougeuza mfereji, karoti za bibi yako zikaanza kulala. Mama yako alikuwa anatafuta maneno ya adabu. Mjomba wako alikuwa anaandaa hotuba. Wewe ulipanda ile ngazi ya matuta peke yako, miguu peku, na mimi nyuma nahema. Ukawakuta wamekaa. Ukawaamkia wote, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kisha ukawauliza kwa Kiluguru: maji ya bibi yangu yako wapi?

Kiluguru chenyewe, mwanangu! Umezaliwa mjini, ulikuwa unakivunja kama kuni. Wazee walicheka hadi mmoja akadondosha kiko. Hukuwaona. Uliendelea kukivunja, ukawaambia karoti zimekauka kwenye tuta gani na gani, na kwamba bibi ana magoti mabovu na wao wana majembe. Walipomaliza kucheka waliinuka, na yule aliyedondosha kiko ndiye aliyeufungua mfereji kwa mkono wake. Siku ile nilijua kuwa nimezaa mtu. Mjomba akitaka aseme ni wa ukoo wake, aseme. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeona.

Hukuwa na muda wa kujisikiliza siku ile, ndivyo ninavyodhani, kwa sababu ulikuwa na jambo la kudai. Basi huko darasani kwa mazungumzo usiende kusema sentensi za kwenye boksi. Nenda na jambo. Waulize mvua yao inapokelewaje mlimani, matuta yao yanashikwa na nini, kwa nini maji yao hayabebi udongo kama yetu. Kitu unachokitaka kweli. Ukikitaka sana, utakivunja Kichina na hutasikia hata mlio wa kuvunjika.

Sasa lile unaloliogopa. Tuseme mwaka unaisha, umekaa kwenye huo mtihani wa kuongea, umeshindwa, wamekurudisha. Kama ulikuwa umeongea mwaka mzima, ukachekwa, ukakosea, ukarudi tena na bado ikakosekana, nitakuja kukupokea na ngoma, na nitawatangazia Mafiga wale wale kwamba binti yangu amerudi na wote watajua ni kwa heshima. Kama ulikaa kimya chumbani ukilinda jina langu, nitakuja pia kukupokea, usiwe na shaka, nyumba ni yako. Ila ngoma sitaleta, na nitakutania mpaka siku ya kuolewa, na baada ya hapo nitamrithisha mumeo kazi. Jina langu usililinde. Tangu mbuzi wale halijawahi kuwa na hali nzuri, na limefika hadi hapa.

Nasikia mnaaga huko saluni. Nimalize.

Kesho asubuhi stendi ya Msamvu watakuwepo wote: mama yako na kitambaa chake cha kulilia, mjomba wako, majirani, wapiga debe, wauza mayai. Nitakuwa nimebeba sanduku lako kubwa begani, na sitalitua mpaka jambo moja lifanyike. Usiniamkie shikamoo. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nakusamehe shikamoo yangu. Simama mbele yangu uniamkie kwa Kichina, kwa sauti ya kufika kwenye basi la tatu, kisha uniambie kwa Kichina hicho hicho unakwenda wapi na kufanya nini. Sentensi tatu tu. Ukikosea hakuna atakayejua, na wapiga debe watacheka hata usipokosea. Mjomba wako ataniuliza unasema nini. Nitamwambia anyamaze, mtoto anaongea.

Sitaelewa kitu. Lakini nitakusikiliza mpaka neno la mwisho, sanduku likiwa begani hata kama bega litakatika, na ukimaliza nitakuitikia marahaba, kwa sababu jibu la kwao silijui.

Baba yako,
Mafiga.